Watoto wanamtaka mdogo wake tu: nimekosea wapi kwa Zawadi?

MchoraVibao, Goma

Jambo kwenu wote, wakubwa kwa wadogo.

Mimi ni mchora vibao hapa Goma, kartie (mtaa) Ndosho. Saluni zenye kichwa cha kijana aliyenyolewa ubavuni, butiki zenye sahani ya sambaza (samaki wadogo wa ziwa) ukutani, nyingi za upande huu zimepita mkononi mwangu. Huu ni mwaka wa pili najifunza katuni. Binamu yangu ana sekretaria, pale watu wanapokuja kuchapisha barua na kupiga fotokopi. Akifunga saa kumi na mbili jioni ananiachia ufunguo na kompyuta moja. Ninatumia Blender kwa kuwa ni ya bure na inakubali kuchora kwa mkono. Umeme ukikatika naendelea na kalamu ya risasi kwenye daftari.

Kuchora si shida yangu. Shida yangu ni huyu mtu ninayemchora.

Nimeandika sehemu tatu za mfululizo, kila moja dakika 11. Unaitwa kwa jina la mhusika wake, Zawadi. Ana miaka 11, anaishi na mama yake anayeuza makala (mkaa, kwa ndugu wa pwani), na koko yake (bibi) aliyekuja mjini kutoka Masisi, na mdogo wake Bahati wa miaka mitano. Kule Masisi koko alikuwa na ng'ombe. Hapa ana mbuzi watatu. Nyumba yao ni ya mbao juu ya mawe ya volkano. Kuna chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo), kuna ziwa, kuna Nyiragongo inayowaka usiku kule nyuma. Sikutaka mji usio na jina. Nilitaka mtoto wa hapa akiona ukuta wa mawe meusi aseme huu ni wa kwetu.

Sehemu ya pili ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Inahusu mazuku. Kwa walio mbali: mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini huku kwetu penye volkano, hasa kuelekea Bulengo na Sake. Ni kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo haipandi. Inalala kwenye mashimo na vibonde kama maji, ila huioni. Usiku na alfajiri, upepo ukitulia, inajaa. Jua likipanda na upepo ukivuma inapungua. Mbuzi akishuka humo hatoki. Watu pia. Katika hadithi yangu Bahati anamfuata mbuzi wa koko kuelekea shimo la namna hiyo asubuhi mapema. Zawadi anamwona, anakimbia, anamshika mkono kabla hajafika, kisha anamweleza mazuku ni nini. Koko naye anawaonyesha jinsi ya kushusha koroboi kwa kamba: mwali ukizimika, usiingie.

Jumamosi iliyopita nilitundika shuka kwenye parseli (kiwanja cha nyumba) yetu, nikaazima projekta ya kanisa, nikawaonyesha watoto tisa animatiki ya sehemu hiyo, yaani michoro ambayo bado haitembei lakini imepangwa kwa muda wake pamoja na sauti. Sauti zote ni zangu na za dada yangu. Mwanzo walitulia. Bahati alipoanza kumfuata mbuzi wakasogea mbele hadi nikawaambia wasishike shuka. Zawadi alipofika na kumshika mkono, nikaona migongo yao ikilegea. Alipoanza kueleza, wawili walinyanyuka wakaenda kucheza mpira. Mwisho nikauliza, nani amependa nini? Bahati, Bahati, mbuzi, Bahati. Mmoja akaniuliza: «Na kesho Bahati iko wapi?» Zawadi hakutajwa na yeyote, na katuni ni yake.

Nimempa Zawadi kila jema ninalolijua. Ni mchapakazi, anamsaidia mama kupanga makala kila asubuhi kabla ya masomo, anawaheshimu wakubwa, ni wa kwanza darasani, haogopi. Labda niseme na hili. Mwaka jana shirika moja lilinipa kazi ya filamu fupi ya sekunde 90 kuhusu kunawa mikono. Kila nilipoandika mtoto anayekosea kwanza ndipo ajifunze, walinirudishia: mtoto asikosee, watazamaji wataiga kosa. Nilibadilisha mara nne. Walinilipa vizuri, sina ugomvi nao. Lakini tangu hapo, nikimwandikia mtoto kosa, mkono wangu unasita.

Nimeambatisha mchoro wa Zawadi wa pande nne: mbele, ubavu, nyuma, na robo tatu. Je, nimwondoe nibaki na Bahati? Au kuna kitu ambacho waandishi wa mifululizo mnakifanya, mimi sikijui? Ninaomba jibu la kweli, hata kama ni kali.

ChukuduYaKibumba

Kaka, mpe nguvu. Wale mabinti wanne wa Lusaka wa katuni ya Supa Team 4, aliowaumba Malenga Mulendema, wameingia Netflix mwaka 2023 na dunia nzima imewaona, na Lusaka yenyewe imeonekana. Zawadi apate nguvu ya volkano: akikasirika mikono inawaka. Halafu awe na chukudu inayoruka. Watoto hawatatoka tena kwenda mpira, nakuhakikishia.

MamaTamthilia, Bukavu

Mdogo wangu wa Ndosho, nimeandika michezo ya redio miaka 14 hapa Bukavu, na baadaye maneno ya katuni mbili fupi. Nimesoma ulichoandika mara mbili, ila mchoro wako ndio ulionichukulia muda. Nianze nao.

Mama yake Zawadi anauza makala. Zawadi anayapanga kila asubuhi, umesema mwenyewe. Sasa itazame mikono yake. Ni misafi. Kucha nyeupe. Mimi nimelelewa na muuza makala, mtaa wa Kadutu hapa Bukavu, na mikono hiyo naijua: unga unaingia kwenye mistari ya kiganja na pembeni mwa kucha, unasugua kwa mchanga, unasugua kwa majivu, unasugua kwa ndimu, na Jumapili kanisani ungalipo. Binti wa miaka 11 hausahau hata dakika moja. Kila anapotaka kujibu darasani anafikiria mkono kwanza, jibu baadaye. Wewe ni mchoraji, hukushindwa kuiona mikono hiyo. Nadhani ile filamu ya kunawa ilikwisha, lakini mtoto wake amebaki kwenye kalamu yako.

Mrudishie makala yake. Ukimrudishia tu, ana kitu anachokitaka (asionekane) na kitu anachokificha. Zile sifa ulizoorodhesha, mchapakazi, mwenye heshima, wa kwanza darasani, ni maneno ya ripoti ya mwalimu. Hayamsukumi mtu kutoka mlangoni. Aibu ya mikono inamsukuma: inamfanya apite njia nyingine, ajibu kwa sauti ndogo, amtume mdogo wake badala ya kwenda mwenyewe.

Na hapo ndipo nafika kwenye mazuku yako, ambayo kwa kweli imenifanya niweke kikombe chini. Umeandika kwamba hewa ile inalala chini kama maji. Zawadi ana kimo gani? Bahati ana kimo gani? Hewa inayomfika Zawadi kifuani inamfika Bahati puani! Njia ile ile, asubuhi ile ile, mmoja anapita na mwingine anaanguka, kwa sababu tu mmoja ni mfupi. Hili unaweza kulionyesha kwa mchoro bila neno lolote, na wewe umelieleza kwa hotuba. Mtoto aliyekaa mbele ya shuka naye ni mfupi, ndiyo maana walisogea. Wakati ule walikuwa ndani ya mwili wa Bahati.

Sasa viunganishe viwili hivyo. Zawadi na Bahati wametumwa maji alfajiri. Mbele yao njiani wanakuja wanafunzi wa darasa lake, na yeye ametoka kwenye makala, hajanawa. Anamwambia Bahati: pita huku chini na mbuzi, mimi nakuja. Anaijua mazuku, koko amemwambia mara mia. Anajua, na amemtuma, kwa sababu kwa dakika ile moja macho ya wenzake yalikuwa mazito kuliko maneno ya koko. Hapo hutahitaji kumweleza mtu yeyote chochote. Watoto tisa wote watashika shuka lako.

Utaniuliza, si watamchukia? Hapana. Mtoto anamsamehe mhusika haraka sana akiona kosa limetoka mahali anapopajua. Asichokisamehe ni mtu asiyemhitaji. Zawadi wako wa sasa hahitaji mtazamaji, amekwisha kufika.

Ndugu wa Kibumba, nimekusoma. Wale mabinti wa Lusaka hawabebwi na nguvu. Wanabebwa na kwamba ni wanafunzi, na aliyewaajiri ni jasusi mstaafu anayetaka kuokoa dunia kwa fedha kidogo. Ondoa hayo, nguvu zinabaki fataki tu. Zawadi akiwaka mikono, tunapoteza mikono yenye makala.

Kitu kimoja zaidi kuhusu mfululizo, kwa maana wengi wanaotoka kwenye hadithi fupi hukwama hapa. Usimponye. Mwisho wa sehemu ya pili ajifunze kuhusu njia ile, asiponye aibu yake. Ukiiponya, sehemu ya tisa ataifanyaje? Mifululizo ya televisheni huombwa sehemu 26 mara nyingi, au 13. Ndiyo sababu wenye kazi hii huwa na daftari moja wanaloliita bibilia ya mfululizo, linaloandika kila mtu anataka nini, anaogopa nini, hawezi kufanya nini kamwe, na dunia yao ina sheria gani. Kwako sheria ya kwanza ya dunia imeshapatikana: chini ni hatari kuliko juu. Andika pia mambo ambayo hayatatamkwa. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 volkano ilipolipuka, Zawadi alikuwa na umri kama wa Bahati leo. Nani alimbeba? Siku tano baadaye, serikali ilipoamuru kartie 10 kati ya 18 za Goma zihamwe, alikwenda wapi? Sisi hapa Bukavu tuliwaona watoto wakishuka kwenye maboti, wengine wameshika kuku. Mimi ningependa kujua Zawadi alishika nini. Huenda usilionyeshe kamwe, ila litabadilisha namna anavyomshika Bahati mkono.

Njia ninayotumia kuwajaribu watu wangu ni hii. Nawapa wote shida moja ndogo. Bidoni la maji limetoboka njiani: Zawadi analigeuza tundu lielekee nguoni mwake, watu wasione, analowa mguu mzima. Bahati anaweka kidole, anafurahi, hataki kukitoa hadi nyumbani. Koko anasimamisha motari (dereva wa pikipiki), anaomba kipande cha mpira wa tairi, na kabla hujajua anajua jina la mama wa yule motari. Kama wawili kati yao wangefanya kitu kimoja, mmoja hana kazi, nimwondoe.

Na uandike ukihesabu mkono wako. Picha ni 25 kwa sekunde. Dakika 11 ni picha 16,500. Hata ukichora moja kwa kila mbili, zinabaki 8,250, na wewe uko peke yako usiku kwenye sekretaria. Kwa hiyo soko la Virunga lenye watu mia tusikie tu sauti yake kutoka nje. Ziwa liwe tulivu na liwe mbali. Chagua mahali matano utakapopatumia sehemu zote: nyumba, njia, bomba la maji, darasa, ukingo wa shimo. Na furahi, kwa sababu msichana anayeficha mikono mgongoni anakuondolea kazi ngumu kuliko zote, ambayo ni kuchora vidole.

MtuWaBulengo

Nimeishi na mazuku tangu kuzaliwa, nawaomba mnisikilize kwa mambo mawili.

La kwanza, ondoa koroboi. Mwali unaweza kuwa unawaka na mtu aliye karibu tayari kichwa kimemzunguka na miguu imelegea. Hewa hiyo inamdhuru mtu kabla haijauzima moto. Na mtoto anayetaka kujaribu lazima ainame juu ya shimo, alfajiri, peke yake. Hapo shirika lako lingekuwa na haki kabisa: hicho ni kitu cha kuigwa na kinaua. Mtoto anayeona aibu ya mikono hataigwa vibaya na mtu. Mtoto anayeshusha koroboi ataigwa kesho yake.

La pili, umeandika Zawadi anakimbia kumshika mdogo wake. Asishuke. Anayeingia kumtoa mwenzake huanguka juu yake, na anayekuja kuwatoa wote wawili huanguka juu yao. Tumezika hivyo. Ukionyesha dada anashuka shimoni anambeba mdogo wake anatoka naye, umewafundisha watoto wa Goma jambo baya kuliko lolote. Kama Bahati bado yuko kwenye mteremko, hewa haijamfika usoni, apande mwenyewe. Dada abaki juu.

MchoraVibao, Goma

Mama, aksanti sana. Nimekwenda kuutazama mchoro na nimeona. Sikujua kwamba nilifanya hivyo. Mama yangu mzazi hakuuza makala, aliuza sambaza, na mimi nilikuwa naficha harufu. Nilikuwa nakaa dawati la nyuma karibu na dirisha. Sijui ni kwa nini sikumpa Zawadi hata kidogo ya hayo.

Mtu wa Bulengo, koroboi nimeiondoa leo. Ila umeniachia fundo: kama Zawadi hawezi kushuka, na Bahati ni mtoto asiyesikia akiitwa (ndivyo nilivyomwandika, na ndiyo sababu wanampenda), atapandaje?

SautiYaKatuba, Lubumbashi

Nawasalimu kutoka Lubumbashi. Kazi yangu ni sauti. Natangaza redioni na nimeingiza sauti katuni kadhaa. Kuhusu fundo la shimo sina jibu, nina jambo la midomo.

Nimesikiliza kile kipande cha animatiki ulichoweka. Watu wako wote wanaongea kama kitabu cha shule. Bahati wa miaka mitano anasema «Dada, unaelekea wapi?» Mtoto gani wa Goma anasema hivyo? Si atasema «Yaya, uko naenda wapi?» Huku kwetu koko angesema «weye mutoto», hapo kwenu na Masisi sijui angesemaje, lakini wewe unajua, una sikio. Usiogope kwamba mtu wa Tanga hataelewa. Ataelewa kwa sababu picha ipo. Kiswahili cha sanifu mpe mwalimu, na Kifaransa kidogo. Na Zawadi mpe vyote viwili: nyumbani aongee cha nyumbani, akivuka mlango wa darasa abadilike. Mtazamaji atasikia aibu yake hata akifumba macho.

Rekodi sauti kwanza, chora baadaye. Sauti ikishatulia ndipo unajua mdomo unafunguka lini. Na lugha yetu imekurahisishia: silabi zetu karibu zote zinaishia kwa irabu, na irabu ni tano tu. Mimi nawaambia wachoraji wachore midomo sita ya kila mhusika. Mmoja umefungwa, wa m, b na p. Mmoja meno yamegusa mdomo wa chini, wa f na v. Mmoja wa a, mmoja wa e na i pamoja, mmoja wa o, mmoja wa u. Konsonanti nyingine zote zinapita katikati bila mtu kuziona. Neno «Bahati» ni kufunga, a, a, i. Umemaliza. Usitumie chati za midomo za Kiingereza zinazozunguka mtandaoni, zina maumbo ambayo Bahati hatayahitaji kamwe.

Mama amesema usimponye Zawadi, naunga mkono kwa mikono miwili. Bibi yetu alitusimulia Kabundi, yule mnyama mdogo mjanja wa hadithi, kila usiku, na Kabundi hakuwahi kuacha ulafi. Jana alinaswa mtegoni, leo ameanza tena. Hatukumwambia bibi «lakini jana alijifunza». Tulikuwa tunamngoja aingie tena kwenye mtungi.

MchoraVibao, Goma

Zimepita wiki mbili. Nimeandika upya na Jumamosi hii nilitundika shuka tena. Walikuja kumi na mmoja.

Nililala na fundo la mtu wa Bulengo siku nne. Dada yangu ndiye aliyelifungua bila kujua. Alikuwa anamwogesha mwanawe, mtoto anakimbia, na yeye hakumwita jina, alimwonyesha tu sabuni yenye povu na mtoto akarudi mwenyewe. Nikasema, Bahati anarudi kwa kitu, harudi kwa neno.

Kwa hiyo sasa sehemu inaanza nyumbani, gizani bado. Zawadi anapanga makala na Bahati anamsumbua. Zawadi anampaka masharubu kwa kidole cheusi, moja kushoto, moja kulia. Ni mchezo wao, wa ndani tu, mlango ukiwa umefungwa. Ishara yake ni viganja viwili juu, vyeusi, vimefunguka. Bahati akiviona anakuja mbio popote alipo. Nimetumia sekunde 40, bila maneno ila kicheko.

Halafu njia, wanafunzi wanakuja, mikono mgongoni, «Bahati, pita huku chini na mbuzi, niko nakuja.» Kamera nimeishusha kwenye kimo cha Bahati. Majani ya chini hayatikisiki, ya juu yanatikisika. Ndivyo nilivyoonyesha hewa isiyoonekana. Mbuzi anatangulia. Mbuzi anapiga magoti ya mbele.

Zawadi anaona kutoka juu. Anafika ukingoni, anasimama. Nyuma yake wenzake watatu wamesimama pia. Anaita mara moja, Bahati hageuki, anamtazama mbuzi. Basi anatoa mikono mgongoni, anainyanyua yote miwili juu ya kichwa. Nimeichora kwa nyuma, kutoka walipo wanafunzi, kwa hiyo tunaona wanachokiona wao: kucha zake, na shingo yake tu. Kule chini Bahati anageuka. Anagusa juu ya mdomo wake. Anaanza kupanda.

Hakuna aliyetoka kwenda mpira. Bahati alipogusa mdomo, watoto wawili pale mbele nao waligusa yao. Zawadi anampaka masharubu mbele ya watu wote, na wanapoanza kuondoka anarudisha mikono mgongoni. Sikumponya. Msichana mmoja wa jirani, mkubwa kidogo kuliko wengine, aliniuliza: «Zawadi iko na miaka ngapi?» Nikamjibu. Akaniuliza anasoma masomo gani. Alimtaja kwa jina.

Nimebaki na mbuzi. Watoto wote waliuliza mbuzi amekwenda wapi, na mmoja alianza kulia. Sitaki kusema uongo kwamba alitoka, mtu wa Bulengo angenikatalia. Sitaki pia kuwaonyesha mzoga. Mama, wewe ungefanyaje?

MamaTamthilia, Bukavu

Mbuzi asirudi. Jioni, koko mlangoni, anawahesabu kama alivyozoea kuhesabu ng'ombe kule Masisi, kwa kidole: mmoja, wawili. Anaanza upya: mmoja, wawili. Zawadi yuko nyuma yake na amesikia. Mpe sekunde sita pale, usiweke muziki.